Daftari Liko kwa Nani?

Vijana wa hapa Mwese wakisikia kwamba zamani mtu alipanda gari mpaka Mpanda mjini kwa ajili ya kununua gemu, hucheka. Mimi ni mmoja wa waliopanda. Mwaka 2009 nilikuwa na mashine ya PlayStation 2 niliyoinunua ikiwa imekwisha tumika, televisheni ndogo na jenereta, nikafungua kibanda cha kuchezea gemu. Kila baada ya miezi miwili au mitatu nilishuka mjini kutafuta diski mpya. Kutoka huku milimani mpaka mjini ni safari, na masika yakikolea gari hukwama na abiria wakalala njiani.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja karibu na soko. Diski zilipangwa ndani ya mifuko ya plastiki, kila moja na picha iliyorudufiwa mpaka sura za wachezaji zikawa nyeusi. Lakini mwenye duka alikuwa na utaratibu wake. Hukulipa kabla ya kujaribu. Aliitia diski katika mashine, mkangoja wote wawili mpaka mpira uanze, ndipo mkazungumza bei. Alikuambia bila kuulizwa kwamba hii husimama kipindi cha pili, usiichukue. Nilipopungukiwa alinikopesha, akaandika jina langu katika daftari lililokuwa mezani, nami nikiliona analiandika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeutumia usemi huo miaka mingi kuwaonya wenye biashara ndogo. Sasa naona una upande mwingine ambao wahenga hawakupata haja ya kuusema: mali yenye daftari nayo hupotea, ikiwa daftari lote liko kwa mwingine.

Hilo nilijifunza kwa mpwa wangu. Yeye hakupanda gari. Mwaka 2021 alinunua gemu kwa simu akiwa amekaa barazani, fedha zikakatwa, gemu ikapakuliwa usiku bando lilipokuwa rahisi. Akaendelea kununua, mpaka jumla ikafikia bei ya mbuzi mzuri. Kisha simu ikaibwa. Laini yake alikuwa amekwisha iacha muda mrefu, na namba ile ilikuwa imepewa mtu mwingine. Kila alipojaribu kuingia katika akaunti yake kwa simu mpya, namba ya siri ya kumthibitisha ilikwenda kwa mtu asiyemjua. Aliandika kuomba msaada. Aliyejibu alikuwa mashine. Akaja kwangu akasema, “Mjomba, gemu zangu zipo, ila mimi ndiye nisiyetambulikana.”

Ndugu msomaji, maneno hayo ya kijana yanaeleza biashara hii kuliko matangazo yake yote. Katika duka la mjini nilipewa kitu. Katika duka la mtandaoni mpwa wangu alipewa ruhusa, na ruhusa hukaa kwa mwenye kuitoa. Mwaka 2014 kampuni ya Konami ilitoa bure gemu fupi ya kutisha iitwayo P.T.; mwaka 2015 ikaiondoa dukani, na asiyekuwa nayo tayari akaikosa. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilifunga mauzo katika maduka ya mtandaoni ya mashine zake za Wii U na 3DS. Mwaka huohuo taasisi moja ya Marekani inayohifadhi historia ya michezo hii ilieleza kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena madukani kwa njia ya kawaida. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na hapa watu wameazimwa huku wakidhani wamenunua.

Lakini mhakiki asiyejihukumu mwenyewe hana haki ya kuhukumu wengine. Diski zangu zilikuwa za kuchomwa. Hakuna hata moja iliyomletea aliyeitunga gemu ile senti moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwapo tangu mwaka 1999, nami sikuwahi kuifikiria nilipokuwa nikipokea shilingi za watoto, ambazo nyingine, najua, zilikuwa za madaftari ya shule. Kwa hiyo nikimsifu mwenye duka wa mjini kwa uaminifu, nisifiche kwamba alikuwa mwaminifu kwangu tu. Kwa mtungaji aliye mbali, sisi wawili tulikuwa wezi wenye adabu.

Tena, duka lisilo na mlango limefungulia wengine mlango. Mwaka 2016 vijana wa Kiro'o Games wa Yaoundé, Kamerun, waliuza gemu yao ya Aurion katika duka la mtandaoni la Steam. Ni njia gani nyingine ambayo kazi ya Yaoundé ingefika Mpanda? Duka la karibu na soko lisingeileta, maana mwenye duka alileta kilichokwisha pendwa na wengi: mpira, magari na ngumi. Hapana budi tukiri pia kwamba nauli ya kwenda mjini na kurudi, ukijumlisha na kulala, mara nyingi ilizidi bei ya diski yenyewe.

Wala diski siyo kinga tena. Gemu ya magari ya The Crew ilitolewa na Ubisoft mwaka 2014, na waliokuwa na diski walikuwapo. Mitambo iliyoiendesha ilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, diski zikabaki vioo vya kujitazamia. Mwaka 2025 Nintendo ilitoa mashine ya Switch 2, na baadhi ya kadi zake zinazouzwa dukani hazina gemu ndani. Ni ufunguo tu wa kwenda kuipakua. Kwa hiyo anayesema “nenda dukani utakuwa salama” anasema jambo lililokuwa kweli zaidi zamani kuliko leo.

Basi tatizo si mlango wala mtandao. Hapa wilayani kwetu Tanganyika wapo wanavijiji wanaopata fedha kwa kuuza kaboni ya misitu ya Ntakata. Mnunuzi aliye ng'ambo habebi mti hata mmoja. Anacholipia ni miti kubaki imesimama. Ni biashara ya kitu kisichoshikika, kama gemu ya mtandaoni. Lakini jambo kubwa namna hiyo wanakijiji hulijadili mkutanoni. Watu huuliza ni miaka mingapi, nani atapima, na mambo yakiharibika itakuwaje. Mpwa wangu alibonyeza “nakubali” mara moja, chini ya maandishi marefu ya Kiingereza ambayo hata mimi niliyesoma zaidi yake nisingeyamaliza. Hakuna aliyemsomea, wala hakuna aliyetarajia ayasome.

Mambo haya yanaweza kurekebishwa, na ushahidi upo. Tangu mwaka 2008 duka la GOG la Poland huuza gemu zisizo na kufuli, ambazo mnunuzi huzihifadhi mwenyewe na kuzicheza bila kuomba ruhusa kila siku. Tangu mwaka 2015 Steam hurudisha fedha za mtu aliyeomba ndani ya siku 14 akiwa amecheza chini ya saa mbili. Huo ni utaratibu uleule wa mwenye duka wangu, wa kungoja mpira uanze. Mwaka 2024 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuwazuia wauzaji kutumia neno “nunua” bila kumweleza mteja wazi kwamba anapewa leseni. Kama huko wameona neno hilo linadanganya, sisi ambao tunasoma mikataba hiyo kwa lugha ya kigeni tunadanganywa mara mbili.

Mashine yangu ipo bado, ndani ya sanduku pamoja na pedi mbili na memori kadi. Diski tatu zinacheza, nyingine zimekwaruzika. Siioni kuwa ushahidi wa wema wa zamani. Ni kitu kilichobaki, basi, na kinanikumbusha watoto waliokipa fedha zao.

Mpwa wangu ameanza kununua tena. Safari hii ameandika kila kitu katika daftari la kurasa 40: jina la gemu, tarehe, bei, barua pepe iliyotumika, na kama gemu inacheza bila intaneti. Pale ambapo haichezi, ameandika kando: “ya kukodi.” Aliponionyesha nilimwambia hilo la mwisho ndilo wauzaji walipaswa kumwandikia wao.