Chavua Njema Huanzia kwenye Ukavu

Anayetaka kujaribu chavua ya nyuki, awe Mbarara mjini au Base Camp katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa kawaida huanza kwa kutazama rangi. Rangi ina maana yake. Nyuki akiwa katika safari moja hushikilia maua ya aina moja, kwa hiyo kila punje hubeba rangi ya mmea wake, na chupa iliyojaa njano, chungwa, kahawia na kijivu huonyesha kwamba nyuki walipata malisho mbalimbali. Lakini rangi haisemi kama chavua ni salama. Punje zinazotoka moja kwa moja kwa nyuki huwa na maji ya kati ya asilimia 20 na 30, kiasi kinachotosha hamira na ukungu kuota. Iliyokaushwa vizuri haizidi asilimia 8 hivi. Ubora wote mwingine unasimama juu ya ukavu huo.

Mkono unaweza kuupima ukavu bila mashine. Mimina punje kwenye sahani: zilizo kavu hugonga kwa sauti na kutawanyika, mbichi hudondoka kimya na kushikana. Finya moja kati ya vidole. Kavu haibonyei, yenye maji hupondeka kama udongo wa mfinyanzi na kuacha utepe kwenye ngozi. Kisha inusie. Harufu iwe ya maua na utamu hafifu; ukisikia uchachu, imeanza kuchacha, na harufu ya stoo yenye unyevu ni ya ukungu. Ulimi unatarajia utamu kwanza, halafu uchungu kidogo. Mabawa, miguu ya nyuki na nyuzi za nondo ni ushahidi wa uzembe.

Swali la maana zaidi kwa mfugaji ni hili: mtego unamwagwa lini? Chavua hukusanywa kwa wavu wenye matundu ya milimita 5 hivi mlangoni mwa mzinga, unaompangusa nyuki punje zilizo miguuni anapopita, zikadondoka kwenye trei. Trei isiyomwagwa kila jioni hupata umande na siafu, na katika majira ya mvua usiku mmoja unatosha kuiharibu chavua. Aulizwe pia mizinga imekaa wapi, kwani hapa ni nchi ya ng'ombe na mashamba, na dawa za kupe na za wadudu hazipaswi kuwa jirani ya nyuki.

Wapo wanaosema chavua mbichi ndiyo ya asili, na kukausha ni kuipunguzia nguvu. Hoja hiyo ina ukweli pale joto linapozidi, kwa sababu zaidi ya nyuzi 40 hivi harufu na baadhi ya virutubisho hupotea. Jua kali la moja kwa moja nalo huiharibu. Dawa yake ni kivuli, upepo na chekeche iliyofunikwa, kisha chupa iliyofungwa vizuri na kuwekwa mbali na mwanga. Mbichi inafaa kwa mwenye friza tu.

Wengine huiuza kama tiba ya kila ugonjwa. Ushahidi wa hilo haupo. Chavua ni chakula, nacho ni cha ziada: kijiko cha gramu 10 hakitoi zaidi ya gramu 4 hivi za protini, ilhali yai moja hutoa gramu 6. Familia ya Nakivale yenye mgao mdogo itanufaika zaidi na maharage na mukene, yaani dagaa. Mwenye mzio wa chavua au wa nyuki asiiguse kabisa, maana inaweza kumfunga pumzi. Wengine waanze na punje chache, wasubiri siku nzima.

Basi usilipie lebo wala ahadi ya uponyaji. Lipia ukavu na usafi, na umrudie mfugaji anayejibu swali la mtego bila kusita. Wanunuzi wa namna hiyo ndio watakaoifanya kazi yake njema imlipe.