MJI NI WA NANI? Kukosoa mawazo yetu juu ya miji na maendeleo

Kukosoana na kujikosoa ni silaha ya Chama cha wakulima na wafanyakazi. Makala hii inakosoa mawazo yaliyoenea miongoni mwetu vijana tunaojifunza kazi ya mipango miji, na mwandishi, mkazi wa Nyasubi mjini Kahama, hajitoi katika lawama hiyo. Mawazo yenyewe ni haya: kwamba mji ni ramani; kwamba barabara zikinyooka na maghorofa yakapanda, basi maendeleo yamefika. Mawazo haya ni potofu, na historia ya mkoa wetu wa Shinyanga inatosha kuyakanusha.

Tuanze na Mwadui. Baada ya Williamson kugundua almasi mwaka 1940, kampuni ilijenga mji wenye nyumba zilizopangwa, umeme, maji, hospitali, shule na uwanja wa ndege. Kwa macho ya mchoraji ramani, mji ule haukuwa na kasoro. Lakini ulizungushiwa uzio. Mkulima wa pamba aliyekuwa nje ya uzio aliitwa ndani kama kibarua tu, na almasi ikasafirishwa ng'ambo. Mwaka 1958 hisa ziligawanywa nusu kwa nusu baina ya De Beers na serikali ya kikoloni, uzio ukabaki. Mji ulipangwa vizuri, lakini haukupangwa kwa ajili ya watu wa pale.

Sasa tuitazame Kahama. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, 1969 hadi 1974, uliteua miji tisa ya kukuzwa ili Dar es Salaam isikusanye kila kitu. Nia ilikuwa njema, lakini Kahama haikuwamo. Hata hivyo sensa ya 2012 ilihesabu hapa watu wapatao 242,000, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 450,000. Nani aliyeujenga mji huu? Ni mkulima wa mpunga. Ni mchimbaji mdogo. Ni wafanyakazi wa migodi ya Bulyanhulu, iliyoanza kuzalisha mwaka 2001, na Buzwagi, iliyoanza mwaka 2009. Ni reli na bandari kavu ya Isaka, na malori yaendayo Rwanda na Burundi. Ni umma pia, kwa fedha zake, uliovuta maji ya Ziwa Victoria hadi hapa kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Mji hutokana na kazi. Ramani huja baadaye, na mara nyingi huja imechelewa.

Wapo watakaorukia hapo na kusema: basi mipango ya nini? Soko litajenga lenyewe. Hilo ni kosa la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza. Soko halina kumbukumbu wala huruma. Buzwagi ilisimamisha uzalishaji mwaka 2021, baada ya miaka 12 tu. Mpishi, fundi na mwenye vyumba vya kupangisha, wote waliotegemea mshahara wa mgodi, hawakuulizwa lolote. Dhahabu haioti tena kama mpunga. Mji usiojiandaa kwa siku ya mgodi kufungwa umejiandaa kuwa mahame.

Kosa la tatu linahusu ardhi. Tangu mwaka 1963 nchi yetu ilifuta umilikaji wa ardhi usio na ukomo tuliorithi kwa wakoloni, kwa sababu ardhi haikutengenezwa na mtu yeyote. Lakini tazama pembezoni mwa mji wowote unaokua. Umma unaleta barabara na maji. Thamani ya kiwanja inapanda. Faida inamwendea mlanguzi aliyenunua shamba la mkulima kwa bei ya shamba na kulitunza bila kulima wala kujenga, akingoja. Mkulima yule yule hurudi kuwa mpangaji juu ya ardhi aliyoilima. Huu ni unyonyaji, hata kama una hati na mihuri.

Azimio la Arusha la 1967 lilituonya kwamba mikopo inayotumika mijini hulipwa kwa jasho la wakulima. Wengine wamelisoma onyo hilo kana kwamba Azimio liliuchukia mji. Sivyo. Azimio lilipinga mji unaokula bila kuzalisha. Mji unaokoboa mpunga, unaochambua pamba, unaotengeneza jembe na kumrudishia mkulima huduma, huo ni mwenzi wa kijiji.

Kwa hiyo ramani yoyote ya mji wetu tuipime kwa maswali. Je, eneo la Buzwagi, likigeuzwa kuwa la viwanda, litasindika mazao yetu au litakuwa ghala la bidhaa za wengine? Je, anayesogezwa kupisha barabara anapata kiwanja, au anapata fedha za kula mwezi mmoja? Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe. Je, mkutano wa mtaa unaitwa kabla ya ramani kuchorwa, au unaitwa kuipigia makofi?

Sisi tunaojifunza kazi hii tuna wajibu wa kuanzia huko: kwenye mkutano wa mtaa, kwenye mashine ya mpunga, kwenye chumba cha kupanga. Mpangaji miji asiyejua nani anazalisha na nani anafaidi hapangi mji. Anaupamba tu, kwa faida ya wachache.