Mapigo Manne ya Kutafuta Do

Kiongozi wa sifa amemaliza kuomba. Hajageuka kututazama, hajanong'ona jina la wimbo, hajainua hata kidole. Anavuta pumzi na kuanzisha pambio ambalo halikuwamo kwenye mazoezi ya Alhamisi. Waumini wanalijua, wanalipokea papo hapo. Sisi watu wa vyombo tuna mapigo manne, labda manane kama pambio ni la polepole, kabla kimya chetu hakijaanza kusikika kama kosa.

Nimeshika besi kanisani miaka mingi, na sijaona kazi nyingine ya muziki yenye mtihani huu. Bendi ya dansi inapanda jukwaani ikijua wimbo na ufunguo wake. Kanisani ufunguo unatoka kwenye koo la mtu aliyekuwa akiomba kwa sauti kubwa kwa dakika kumi, na koo hilo halikushauriana na kinanda.

Hatua ya kwanza ni kutopiga. Mpiga kinanda mchanga hukimbilia kupapasa: anagusa hapa, anagusa pale, na spika zinatangaza kila alichogusa. Ufunguo ataupata, lakini kanisa zima litakuwa limesikia sauti tano zisizohusika, na kiongozi mwenyewe huenda ameshayumba. Mzoefu hushusha sauti ya kinanda hadi chini, anatafuta kimyakimya, kisha anapandisha. Mimi huegemeza pembe ya gitaa kwenye taya na kugusa waya kidogo tu. Mtetemo unapita kwenye mfupa, nausikia mimi peke yangu.

Unatafuta nini? Do, sauti ya nyumbani ya wimbo, si sauti yake ya kwanza. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mapambio mengi huanza na so ya chini kisha yakapanda kwenye do. Mengine huanza na mi. Ukidhani ile ya kwanza ndiyo do, umejenga nyumba kwenye kiwanja cha jirani. Subiri mstari unapotua. Mstari wa kwanza mara nyingi unaishia juu juu, kwenye re au so, kama mtu aliyesimama mlangoni. Wa pili ndio unaoingia ndani na kukaa. Ulipokaa, ndipo kwenye do.

Kuna njia ya mkato ambayo sikufundishwa na mtu. Karibu kila kanisa lina mzee aliyewahi kuimba kwaya, anakaa benchi la tatu au la nne, na pambio likianza yeye haimbi wimbo. Anaimba besi. Anashuka do, anakwenda fa, anapita so, anarudi do, kwa mazoea ya miaka arobaini. Kodi za wimbo (za muziki, si za Mamlaka ya Mapato) zinatoka kinywani mwake kabla ya chombo chochote kuingia. Wakati vijana wenzangu wanamkazia macho kiongozi, mimi masikio yangu yako kwa huyo mzee.

Ustadi wake una historia. Nota zile za d, r, m, f, s, l, t zilizojaa kwenye madaftari ya kwaya zetu zilitokana na kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, na zikaenezwa na mchungaji John Curwen kuanzia miaka ya 1840. Wamisionari walizibeba hadi Afrika kwa sababu hazikuhitaji piano wala karatasi ya mistari mitano. Enoch Sontonga aliyetunga mwaka 1897 ule wimbo ambao Tanzania imeuchukua kuwa wimbo wa taifa aliandika kwa nota hizo. Siri ya nota hizi ni kwamba do inahama. Mwalimu wa kwaya anasema leo do ni G, kesho anasema do ni E flati, na mwimbaji habadilishi chochote kichwani. Lakini gitaa halihami. Kijisanduku cha tatu kwenye waya mnene wa besi ni G leo, na kitakuwa G siku ya mwisho. Kwa hiyo bendi ya kanisa iko kati ya watu wanaofikiri kwa do inayotembea na vyombo vilivyopigiliwa misumari, na sisi ndio wakalimani.

Wakati mwingine tafsiri haipo. A ya kinanda inatetema mara 440 kwa sekunde. Kipande kinachofuata, A shapu, ni 466 hivi. Kiongozi anayeanza peke yake anaweza kabisa kutua kwenye 452. Hakuna kipande cha kinanda hapo. Timu nyingi huchagua kwenda chini kwa kuwa ni rahisi kwa koo. Mimi nadhani ni kosa kwenye nyimbo za kusifu: watu waliosimama wakipiga makofi wakivutwa chini wanasikia kama gari limekanyaga breki. Ukiingia juu kidogo, kwa uthabiti, besi na kinanda pamoja, kiongozi atasogea mwenyewe ndani ya maneno mawili na hatajua kwamba amesogezwa. Sharti ni hilo la pamoja. Mmoja akienda juu na mwingine chini, hakuna maombi yatakayoliokoa pambio hilo.

Ili kuingia pamoja, zipo ishara za vidole. Ngumi ni C. Kidole kimoja juu ni G, viwili D, vitatu A, vinne E. Kimoja kikielekea chini ni F, viwili B flati, vitatu E flati. Ni hesabu ya shapu na flati zilizomo kwenye kila ufunguo. Wapigaji tukizijua tunapashana habari kwa sekunde moja. Viongozi wa sifa wengi hawazijui, na vidole vyao vikiinuka huwa vinamwelekea Mungu.

Sasa niseme kuhusu kitufe cha transipozi, maana kimewalea wapiga kinanda wengi kuliko mwalimu yeyote. Kijana anajifunza kupiga C peke yake, basi. Wimbo ukiwa G, anabonyeza hadi kioo kionyeshe 7, au anashuka hadi -5, kisha anapiga C yake ileile na spika zinatoa G. Simcheki. Katika kanisa lenye kinanda kimoja na hakuna mwalimu, kitufe hicho ndicho kilichofanya ibada ziwe na muziki. Wengine wamekimbilia vipande vyeusi, nao wana hoja: vile vitano, ukianzia F shapu, vinatoa do, re, mi, so, la kamili, na mapambio mengi yanaishi humo humo bila kuhitaji fa wala ti.

Shida ni kwamba mtu wa besi na wa gitaa hutazama mkono wa kushoto wa mpiga kinanda ili kujua kodi inayofuata. Mkono unaonyesha C, sikio linasema G. Ukiamini jicho umepotea. Ndiyo maana siku hizi nasimama mahali ambapo siuoni kabisa mkono huo. Na mkono huohuo una dhambi nyingine: unashuka chini kupiga sauti nene palepale ninapopiga mimi. Waya mnene wa besi ukiachwa wazi unatetema mara 41 kwa sekunde. Chini ya bati, wapigaji wawili wakikaa eneo hilo, waumini hawasikii sauti mbili, wanasikia tope. Fundi mitambo anahangaika na mikisa wakati dawa ni mtu mmoja kuinua mkono.

Tukishapata ufunguo, kusifu kunashika kasi na hatimaye tunafungua sebene. Kodi mbili au tatu zinazunguka, waimbaji wananyamaza, solo inashika kipande kifupi na kukirudia hadi kiwe moto. Njia ya kutoka ukumbi wa dansi hadi madhabahuni si ndefu. Remmy Ongala, mwanamuziki wa dansi mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na bendi ya Orchestra Makassy, mwishoni mwa maisha yake aligeukia nyimbo za Injili. Katika sebene ufunguo si shida tena. Shida ni mwendo, na adui wa mwendo ni ukubwa wa jengo.

Chukua ukumbi wenye urefu wa mita 35. Kwenye joto letu sauti inakwenda karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo pigo la dramu linamfikia muumini wa nyuma kabisa baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Anapiga kofi akiwa sahihi kabisa kwa masikio yake. Kofi lake linarudi mbele kwa muda uleule. Jumla ni sehemu mbili za kumi. Kama tunakwenda mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde; kofi hilo linatufikia likiwa limechelewa karibu nusu ya pigo. Mpiga dramu akilisubiri, pigo linalofuata linachelewa, na makofi nayo yanachelewa zaidi, na baada ya dakika tatu sebene imekuwa maandamano ya msiba. Mchungaji atasema vijana hawana moto. Moto upo, tatizo ni mita 35. Mpiga dramu anatakiwa asiyafuate makofi ya nyuma; amsikilize mtu wa besi aliye hatua mbili kutoka kwake.

Jumapili moja umeme ulikatika katikati ya wimbo wa kuabudu, wa polepole, tukiwa G. Besi kimya, kinanda kimya, dramu ikaacha. Watu hawakuacha. Waliimba peke yao, wengine wakilia, huku mtu akikimbilia jenereta. Kundi linaloimba bila chombo, hasa nyimbo za kuvuta sauti, huzama kidogokidogo bila kujua. Jenereta lilipowaka, nikaweka taya kwenye gitaa na kugusa waya: walikuwa wameteremka hadi karibu na F shapu. Nikaamua kusubiri mwisho wa ubeti.

Kijana wa kinanda hakusubiri. Alikuwa akipiga C kwa transipozi ya 7, lakini kinanda chetu kikizimwa na kuwashwa husahau kila kitu na kurudi sifuri. Akaweka mikono yote miwili, kwa imani, kwenye C.