Reli Inayojivuka

Treni ya jioni kutoka Mombasa ilipokaribia Mazeras, mimi nilikuwa nimekwisha simama dirishani. Wenzangu walitandika vitanda, mimi nilisubiri kona. Behewa linaegemea upande mmoja, na haliachi kuegemea. Mwanga wa injini, ambao ulikuwa mbele, unaonekana ubavuni, halafu unakaribia kuwa nyuma. Kisha mlio wa magurudumu unabadilika, unakuwa mtupu kama wa ngoma, na chini yako, gizani, kuna reli nyingine. Ni ileile uliyoipita dakika chache zilizopita. Njia imejizungusha kama kata ya kubebea mtungi, ikapanda, ikajivuka yenyewe kwa daraja.

Wapenzi wa reli hii ya zamani, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, huvutwa na filimbi na moshi. Mimi huvutwa na ufundi wa kupanda. Chuma juu ya chuma huteleza. Injini inayoburuta shehena ya mamia ya tani bila shida penye tambarare, ikipewa kilima kidogo tu magurudumu yake huzunguka pale pale. Kwa hiyo kati ya Mombasa na Nairobi mafundi walishika kipimo kimoja: kila mita 66 za reli, inuka mita 1, usizidi. Na Nairobi iko karibu mita 1,660 juu ya bahari. Mwinuko ulipokuwa mkali hawakushindana nao. Walitafuta urefu zaidi wa njia, na pasipokuwa na nafasi ya kwenda mbele, waliupata kwa kuzunguka.

Watu wakifika Tsavo huuliza habari za simba. Ni kweli, mwaka 1898 simba wawili waliwala vibarua pale hadi kazi ikasimama, na mhandisi John Henry Patterson akawaua mwezi Desemba. Simba hao sasa wamo katika makumbusho ya Chicago. Lakini Patterson hakutumwa kuwinda, alitumwa kujenga daraja, na sijapata kumsikia abiria akiulizia daraja. Hilo hunisikitisha. Waliokuja kutoka Bara Hindi kujenga reli hii walikuwa kama 32,000, na kiasi cha 2,500 kati yao walikufa kazini. Wengi wao hawakuuawa na simba.

Kabla ya Tsavo, pale Mackinnon Road, kando kabisa ya reli kuna msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyekuwa msimamizi wa vibarua. Wasafiri husimama kuomba dua. Masimulizi yanasema kwamba karai lake lilielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Aliyewahi kubeba karai la kokoto juani tangu asubuhi, shingo ikawaka moto, ataelewa kwa nini watu wa reli walisimulia muujiza huo na si mwingine. Kwangu mimi hakuna alama katika njia nzima inayoeleza kazi ile vizuri kuliko karai hilo. Mbele zaidi, Makindu, Masingasinga waliofanya kazi relini walijenga hekalu lao mwaka 1926, na mpaka leo mpita njia wa dini yoyote hulishwa bure.

Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 inapita juu ya nyika kwa matuta na madaraja marefu, na inafika Nairobi kwa saa chache. Ni kazi kubwa, naiheshimu. Ila ukiwa ndani yake mwili hauambiwi kitu na ardhi.

Kwa mafundi wa reli ya zamani, mtihani mgumu ulikuwa baada ya Nairobi. Nchi inapanda hadi nyanda za Limuru, halafu inakatika, na chini kabisa kuna Bonde la Ufa. Kushusha reli kwa mteremko wa kawaida kungechukua muda mrefu, na huko mbele vibarua walikuwa wakingoja vyuma. Basi mafundi wakaweka njia ya muda, ikateremka ukingoni moja kwa moja, na mabehewa yakashushwa kwa kamba za chuma. Behewa lenye mzigo likiteremka, uzito wake ulilivuta tupu kupanda. Penye mteremko mkali zaidi, behewa lilipakiwa juu ya kitoroli kilichoundwa upande mmoja juu na mwingine chini ili mzigo ubaki sawasawa kama sinia mkononi. Hivyo kazi iliendelea bondeni wakati njia ya kudumu bado inachongwa mlimani. Kisha ukaja ukingo wa Mau na madaraja yake ya chuma yaliyoletwa kutoka Marekani, na Desemba 1901 reli ikagusa ziwa, Kisumu.

Njia iliyopinda hivyo ilihitaji injini inayopinda. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilitengeneza injini 34 za aina ya Garratt, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, ikitembea juu ya reli zilizoachana mita 1 tu. Siri yake ni kwamba ina seti mbili za magurudumu, na boila limening'inizwa katikati kama machela kati ya wachukuzi wawili. Wa mbele akikata kona, wa nyuma bado anakuja.

Moja yao, Mount Gelai, namba 5918, iko katika makumbusho ya reli Nairobi. Nikienda sisimami mbele yake kupiga picha. Napita ubavuni mpaka pale tangi la mbele linapoachana na boila, naweka mkono kwenye pengo. Chuma kile chote, na hapo ndipo kilipoachiwa nafasi ya kugeuka Mazeras.