Kumsubiri Mdiria

Anayenunua kamera kwa ajili ya wanyama huwa anamwota simba. Nami nilimwota. Leo mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia ateremke hapa Mwanza hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria kabla jua halijapanda, amtafute mdiria.

Namsema yule mweusi na mweupe, mla dagaa na furu. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani. Jike ana mmoja tu, tena uliokatika katikati. Miaka yote niliyokaa kando ya ziwa sikuwahi kuliona hilo. Kamera ndiyo iliyonifumbua macho.

Mdiria huelea angani palepale, mabawa yakipiga mbio, kichwa kimetulia kana kwamba kimepigiliwa msumari. Utulivu wa kichwa hicho ni neema kwa mwanafunzi. Lenga jicho, kasi ya shata isipungue 1/2000 ya sekunde. Lenzi ya milimita 400 inatosha kabisa. Jicho likififia, picha imekufa, hata kama kila unyoya wa bawa unahesabika.

Wiki za mwanzo nilirudi nyumbani na picha za mikia na migongo. Nikailaumu lenzi, nikatamani kubwa zaidi. Mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa akianua nyavu, ndiye aliyenielekeza kwenye upepo. Ndege anayeelea huukabili upepo. Alasiri upepo hutoka ziwani, kwa hiyo aliye ufukweni hupewa mgongo. Alfajiri nchi kavu imepoa kuliko maji, upepo hushuka kuelekea ziwani, na mdiria hugeuka akakutazama usoni. Nilibadili saa, lenzi ikabaki ileile. Hakuna fedha ambayo ingeninunulia elimu hiyo, na ndiyo maana naipenda kazi hii: inakulazimisha umjue mnyama, upepo wake na saa zake, kabla hujabonyeza chochote.

Mwaka 1905 Mjerumani Carl Georg Schillings alichapisha kitabu cha picha za wanyama wa nchi yetu, nyingine zikiwa za usiku, kwa mwako wa magnesiamu. Jina la kitabu chake liliutaja mwako huo pamoja na bunduki. Nalistahi jasho lake. Lakini mnyama aliyepigwa risasi hatakufundisha kesho ataelekea wapi.

Siku hizi nalala kifudifudi juu ya mwamba, mbali kidogo na maji kwa sababu ya mamba, kamera ikiwa usawa wa macho ya mdiria. Tundu alilochimba na mwenzake ukingoni nalijua, ila silisogelei. Mzazi akiogopa kuingia, makinda hushinda na njaa. Nangoja njiani. Dagaa wa kumeza mwenyewe, kichwa chake huelekea kooni. Akipita na dagaa aliyetanguliza kichwa mbele, huyo anapelekwa kwa kinda. Picha hiyo sijaipata bado. Kesho saa kumi na mbili nitakuwa pale mwambani.