Yogati Inapogeuka Jiwe Kwenye Friza

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam na Tanga hakuna haja ya kuuliza nyumba gani ina friza. Kipande cha boksi kimening'inizwa getini, kimeandikwa kwa maka pen: "Barafu zinauzwa hapa." Watoto wanaotoka shule wananyoosha sarafu, wanapokea kifuko chembamba cha plastiki kilichofungwa fundo, wanang'ata pembe moja na kuanza kufyonza. Kuna ya ubuyu, ya ukwaju, ya maziwa, ya embe. Dakika chache baadaye rangi imekwisha na utamu umekwisha. Ndani ya kifuko kimebaki kijiti cheupe cha barafu kisicho na ladha, na mara nyingi hutupwa pale pale njiani.

Kijiti hicho kinaeleza karibu kila kitu ambacho mpishi wa nyumbani anahitaji kujua kuhusu vitafunwa vya kugandisha.

Maji yanapoganda hayakaribishi mgeni. Chembe ya barafu hujijenga kwa maji matupu, na sukari, tindikali na rangi husukumwa pembeni. Vyote hivyo hujikusanya katika maji ambayo bado hayajaganda. Kadiri baridi inavyozidi, maji hayo hupungua na kuwa mazito, hadi yanakuwa sharubati isiyokubali kuganda kirahisi. Sharubati hiyo ndiyo anayoifyonza mtoto. Ndiyo pia inayoamua kama kijiko kitazama kwenye bakuli la yogati iliyogandishwa au kitagonga juu kama kinagonga sakafu.

Anayetaka kujionea achukue yogati isiyo na sukari, aimimine kwenye bakuli na kuilaza friza usiku kucha. Asubuhi atakuta jiwe. Yogati ya kawaida ni maji kwa karibu asilimia 88, na chumvi na sukari ya asili iliyomo kwenye maziwa ni kidogo: maziwa huanza kuganda yakifika nusu nyuzi tu chini ya sifuri. Friza ya nyumbani hupoza hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo karibu maji yote yameshakuwa barafu, chembe zake zimeshikana, na sharubati ya kuzitenganisha haipo. Aiskrimu ya kiwandani iliyokaa kwenye friza hiyo hiyo bado ina karibu robo ya maji yake katika hali ya sharubati, na mashine imeshaipiga na kuijaza hewa. Ndiyo maana inachoteka.

Njia ya mkato ya kuilainisha yogati ni kuimwagia sukari, na biashara ya yogati ya kugandisha iliifuata njia hiyo tangu mwanzo. Ilianza kushika kasi Marekani katika miaka ya 1970, na wateja wengi wa kwanza walilalamikia uchachu. Kampuni ya TCBY, iliyofungua duka lake la kwanza mjini Little Rock, Arkansas, mwaka 1981, ilichukua herufi zake kutoka kwenye jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "Hii haiwezi kuwa yogati." Fahari ya bidhaa ilikuwa kutofanana na yogati.

Kwa familia inayotaka kitafunwa cha kumpa mtoto bila wasiwasi, mkato huo una gharama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, na unasema kushuka chini ya asilimia 5 kuna manufaa zaidi. Hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25 kwa mtu mzima, yaani vijiko sita vya chai. Asali na juisi zinahesabiwa humo. Sukari iliyo ndani ya tunda zima na iliyo ndani ya maziwa haihesabiwi.

Swali basi ni hili: yogati italainika vipi bila kumwagiwa sukari? Jibu ni kuyabana maji. Kila tone la maji linaloondolewa, au linalofungwa mahali lisipoweza kujiunga na mengine, ni chembe ya barafu ambayo haitakua. Na maji hubanwa mara nne, kuanzia sufuriani hadi ndani ya friza.

Mara ya kwanza ni kwenye sufuria. Maziwa yakipashwa hadi nyuzi 85 hivi, pale yanapotoa mvuke mzito na povu kuanza kupanda pembeni, kisha yakashikiliwa kwenye moto mdogo kwa dakika 20, protini zake za majimaji hufunguka na kujishikiza kwenye protini kuu ya maziwa, kaseini. Wavu unaofumwa hapo baadaye huwa wa matundu madogo na hushika maji vizuri zaidi. Moto huo pia unaua vijidudu vya maziwa mabichi, vikiwemo vya brusela. Maziwa hupozwa hadi nyuzi 43 hivi, joto ambalo kidole safi hulivumilia bila kuungua. Kila lita hutiwa vijiko viwili vya chakula vya yogati hai, huwekwa kwenye hotpoti na kufunikwa kwa saa sita hadi nane bila kutikiswa.

Wanaofanya kazi ndani ya hotpoti hiyo ni bakteria wawili, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus. Huyo wa pili aligunduliwa mwaka 1905 na Stamen Grigorov, Mbulgaria aliyekuwa Geneva masomoni. Wote wawili hupenda joto, na hapo ndipo yogati inapotofautiana na mtindi wetu wa kawaida, ambao huganda kwa bakteria wa joto la chumbani na aghalabu hutokea mwepesi na wenye majimaji zaidi. Mtindi nao unafaa kugandishwa, ila hatua inayofuata ni lazima isirukwe.

Hatua hiyo, mara ya pili ya kuyabana maji, ni kuchuja. Wapishi wa Pwani, waliokulia kwenye kifumbu na tui la nazi, hawahitaji somo refu. Kitambaa cheupe kilichochemshwa hutandazwa juu ya chujio, yogati humiminwa, ncha nne hukusanywa na kufungwa, na chombo hukaa kwenye friji kwa saa tano au sita. Maji ya rangi ya manjano yenye kijani kwa mbali hudondoka taratibu. Kilo moja ya yogati hubaki karibu nusu kilo, nzito kiasi cha kijiko kusimama. Protini katika kila kijiko imekaribia kuwa maradufu, ingawa sehemu ya kalisi imeondoka na maji. Kwa sababu hiyo maji hayo hayamwagwi: hukandia chapati au huongezwa kwenye uji unaotaka uchachu.

Mara ya tatu ni kwenye tunda, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuchagua rangi badala ya kuangalia maji. Tikiti maji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90 na sukari yake ni kidogo. Likigandishwa hulia chini ya jino kama barafu tupu. Zabibu, zile za Dodoma kwa mfano, zina sukari ya asili zaidi ya mara mbili ya tikiti. Zikioshwa, zikakaushwa kwa kitambaa na kutiwa friza zilivyo, hutoka ngumu nje na laini ndani, bila kuongezwa chochote. Kitafunwa rahisi kuliko hicho hakipo. Kwa mtoto mdogo tahadhari ni moja na haina mjadala: zabibu ikatwe kwa urefu, vipande vinne, kwa sababu ikiwa nzima inatosha kabisa kuziba koo lake.

Ndizi ina ufundi wa pekee. Ikiwa mbichi imejaa wanga. Ikiiva hadi ganda likashika madoadoa meusi, wanga huo umegeuka sukari, na molekuli za sukari hiyo zinajumuisha glukosi na fruktosi, ambazo ni nyepesi kuliko za sukari ya mezani kwa karibu nusu. Kinachozuia maji kuganda ni idadi ya molekuli, si uzito wake. Kwa hiyo gramu moja ya glukosi hulainisha karibu mara mbili ya gramu moja ya sukari ya mezani. Ndizi iliyoiva sana, ikakatwa vipande, ikagandishwa na kusagwa kwenye blenda, hutoka nzito na nyororo kana kwamba imetiwa krimu. Ndizi ambazo mama wa nyumbani alikuwa karibu kuzitupa ndizo hasa zinazotakiwa.

Embe nalo ni rafiki, hasa lenye nyama nzito isiyo na nyuzi. Lisagwe lilivyo, lisikamuliwe, maana nyuzinyuzi laini na pektini ndizo zinazoyashika maji. Nanasi linataka uangalifu. Lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho hukatakata protini ya maziwa; nanasi bichi likikaa ndani ya yogati, mchanganyiko huwa mwepesi na huanza kuwa mchungu. Kulichemsha dakika chache na kulipoza kunakizima kimeng'enya hicho. Papai lina kimeng'enya cha aina hiyo pia, kwa hiyo ni bora liwekwe juu wakati wa kula.

Halafu kuna ubuyu. Si zile mbegu zilizopikwa kwa sukari na rangi nyekundu. Ni unga mweupe wenyewe, uliopepetwa kutoka kwenye tunda la mbuyu. Una vitamini C na kalisi kwa wingi, na una pektini nyingi. Viwanda hununua vizito maalumu vya kuzuia chembe za barafu zisikue. Kijiko kimoja cha unga wa ubuyu hufanya kazi ya aina hiyo kwa bei ya sokoni. Wala hakuna hofu kwamba uchachu wake utakata maziwa, kwa sababu yogati imeshaganda kwa tindikali yake yenyewe.

Mara ya nne ni kwenye kugandisha kwenyewe. Ulimi wa mtu huanza kuhisi chengachenga pale chembe za barafu zinapozidi mikroni 50, unene unaokaribia wa unywele mwembamba. Maji yakiganda taratibu hujenga chembe chache kubwa. Yakiganda haraka hujenga nyingi ndogo. Bakuli lenye kina huganda taratibu. Sinia pana la aluminiamu, lililotangulizwa friza likawa baridi, huganda upesi.

Hivi ndivyo sinia moja linavyotengenezwa. Gramu 400 za yogati iliyochujwa, gramu 300 za embe lililosagwa, ndizi moja kubwa iliyoiva sana yenye gramu 100 bila ganda, kijiko cha chakula cha asali, ambacho ni gramu 20 hivi, na kijiko cha unga wa ubuyu. Yogati, ndizi, asali na ubuyu husagwa pamoja hadi laini, kisha humiminwa juu ya karatasi ya kuokea iliyotandikwa kwenye sinia na kusambazwa kwa mgongo wa kijiko hadi unene wa sentimita moja. Embe hudondoshwa juu kwa mistari na kuvutwa kwa ncha ya kisu, njano ikiingia ndani ya nyeupe. Korosho zilizokaangwa na kupondwa hunyunyizwa mwisho. Baada ya saa tatu sinia hutolewa, karatasi huinuliwa kwa pembe, na mikono huvunja pande lote, ka! ka!, vipande kumi vya takriban gramu 80.

Hesabu ya sukari sasa inasomeka wazi. Asali iliyoongezwa ni gramu 2 kwa kila kipande. Utamu uliobaki ni wa embe, ndizi na maziwa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe kabisa chenye asali, kwa hatari ya botulizimu; sinia lake litengenezwe bila hiyo, na korosho ziachwe.

Jambo jingine linalohitaji kusemwa waziwazi ni maji ya barafu za kawaida, zile za kifuko. Baridi haiui vijidudu vya kuharisha, huvilaza tu. Maji ya bomba au kisima yasiyochemshwa hubaki vile vile yalivyokuwa yalipoingia kwenye kifuko, na anayefyonza anavipokea vyote. Ubaridi huohuo ndio unaowahifadhi bakteria wema wa yogati: baadhi hufa, wengi husinzia na kuamka wakipata joto la mwili.

Umeme nao una sehemu yake. Unapokatika na kurudi, chembe ndogo za barafu huyeyuka kwanza, na maji yake yanapoganda tena huenda kujishikiza kwenye chembe kubwa. Baada ya siku kadhaa za kukatika-katika, yogati iliyokuwa nyororo huwa na mchanga mdomoni. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi kwa karibu siku mbili, na iliyojaa nusu kwa siku moja hivi, kwa hiyo chupa za maji zilizojazwa bila kufika shingoni hutumika kuziba nafasi zilizo wazi. Shingo huachwa kwa sababu maji hutanuka karibu asilimia 9 yanapoganda. Kilichoyeyuka chote na kupata joto hakirudishwi friza.

Sinia dogo kila wiki hufaa kuliko ndoo kila mwezi. Vipande huingia kwenye kopo lenye mfuniko, karatasi kati ya tabaka na tabaka, tarehe juu. Vikitoka huachwa mezani dakika tano, mpaka kingo zianze kung'aa, ndipo watoto huitwa. Jikoni, jagi la maji yaliyochujika jana linasubiri unga wa chapati.