Hesabu ya Shimo Lisilo na Udongo

Mizani ya mnunuzi wa dhahabu huku mashariki mwa Kongo inaenea kwenye kiganja. Upande mmoja anamwaga unga wa dhahabu, upande wa pili anaweka kijiti cha kiberiti, au nusu ya kijiti, au sarafu ya zamani isiyonunua tena kitu dukani. Mchimbaji ameinama pembeni. Haiangalii dhahabu yake, maana hiyo anaijua tangu ilipotoka kwenye karai. Anakiangalia kijiti.

Kabla hajafika kwenye mizani hiyo ameshapita hesabu nyingine, nzito zaidi. Mwenye shimo, yule tunayemwita PDG, ameshatoa matumizi: mafuta ya motopompe inayovuta maji, miti ya kuzuia ukuta wa shimo usiporomoke, unga na samaki vilivyoliwa na vijana wiki nzima, na deni la aliyetanguliza fedha. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Ndiyo maana huko Salamabila, katika teritwari ya Kabambare, mtu anaweza kukuambia shimo lake limetoa vizuri na akarudi nyumbani bila senti. Hakudanganyi. Shimo limetoa, ila matumizi yamekula.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo inayonisaidia kueleza shimo la aina nyingine, lililoko ndani ya kompyuta, ambalo watu wamelichimba kwa zaidi ya miaka 20 kwa fedha halisi. Ulimwengu huo unaitwa Entropia Universe. Ulitengenezwa na kampuni ya MindArk ya mji wa Göteborg, Sweden, ukafunguliwa mwaka 2003 kwa jina la Project Entropia. Sayari yake ya kwanza ni Calypso. Mchezaji anaingia akiwa na avata, mwili wa picha, na humo anawinda, anachimba madini, anatengeneza vifaa, ananunua na kuuza. Kuingia ni bure. Fedha ya humo inaitwa PED, na PED 10 ni sawa na dola 1 ya Marekani, kwenda na kurudi: unaweza kuweka dola zikawa PED, na ukauza ulivyopata humo ukatoa dola.

Sisi wa Kasongo na Kabambare hatuhitaji kufundishwa maana ya fedha mbili katika mfuko mmoja. Kiwanja kinahesabiwa kwa dola, nyanya kwa faranga, na noti ya dola yenye mkato mdogo ukingoni inarudishwa hata kama Marekani kwenyewe ingepokelewa. Wazee wetu wanakumbuka pia jinsi fedha inavyokufa. Mwaka 1993 zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 faranga 1 ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Aliyeweka akiba sandukuni alibaki na karatasi. Kwa mtu aliyepita hapo, bei ya PED 10 kwa dola 1 ambayo haijabadilishwa tangu mwanzo ni jambo la kustaajabisha, na ni lazima aulize: nani anaishikilia?

Anayeishikilia ni kampuni yenyewe. PED si fedha ya nchi. Ni ahadi ya mwenye duka kwamba vocha yake ataipokea na kuilipa. Mwaka 2009 MindArk ilipata hata leseni ya benki kutoka kwa wasimamizi wa fedha wa Sweden, jambo lililoandikwa sana wakati ule. Lakini kwa mchezaji msingi ulibaki uleule: mwenye duka akiwa mzima, vocha ina thamani.

Sasa tushuke shimoni.

Avata amesimama kwenye uwanda wa Calypso akiwa na kifaa cha kutafutia madini. Anadondosha kipima ardhi kimoja. Kwa madini ya mawe, bila nyongeza yoyote, tendo hilo moja linagharimu takriban PED 1, yaani senti 10 za dola. Mwanga unapita chini ya udongo wa picha, kwenye duara la meta hamsini na kitu. Mara nyingi jibu ni kwamba hapa hakuna kitu. Anasogea hadi nje ya duara lile, anadondosha tena. Hakuna. Anasogea. Safari ya nne au ya tano mshale unatokea, anaufuata, anatoa kifaa cha pili cha kuvutia madini, na mawe yanaanza kuingia mfukoni. Ikiwa thamani ya alichopata imefika PED 50, jina lake linatangazwa kwa wachezaji wote waliomo kwa wakati huo. Hapo ndipo wageni wanapopotea. Wanaona majina yanapita kwenye kioo, huyu PED 80, yule PED 300, na hakuna tangazo hata moja la aliyedondosha vipima 40 asiambulie jiwe.

Vifaa navyo vinachakaa. Kila kinapotumika kinapoteza sehemu ndogo ya thamani inayohesabiwa kwa PEC, ambazo 100 ni PED 1. Bunduki inachakaa, nguo ya kinga inachakaa, kifaa cha kutafutia kinachakaa, risasi inaisha. Uchakavu huu si mapambo ya mchezo. Ndiyo mlango wa kampuni: fedha ya wachezaji inatoka mikononi mwao kwa matone, sehemu kubwa inarudi kwao kama mawe, ngozi na mafuta, na sehemu inabaki Göteborg.

Kwa hiyo kila kitu humo kina bei mbili, na asiyeziona mbili hizo hadumu. Ya kwanza ni bei ya mashine. Katika kila mji wa Calypso kuna mashine ya biashara inayonunua kitu chochote kwa thamani yake iliyoandikwa, bila kubembelezana. Ya pili ni bei ya watu, ile ya mnadani, ambako mtengenezaji wa bunduki anayehitaji jiwe fulani atalilipia asilimia 105, 120, hata zaidi, kutegemea uhaba wake. Jiwe la Lysterium, kwa mfano, ni la kawaida sana, na nyongeza yake kwa kawaida ni ndogo.

Tupige hesabu ya mfano, kama vile tuko kwenye daftari la mwenye shimo. Tuseme mtu amedondosha vipima 100: PED 100. Uchakavu wa vifaa, tuseme PED 3. Matumizi ni 103. Tuseme mawe aliyopata yana thamani ya PED 90 kwenye mashine. Akiyatupa mashineni amepoteza 13. Akisubiri mnada na kuuza kwa wastani wa asilimia 115 atapata 103.5, ada ya mnada ikichukua PED 1 anabaki na 102.5, bado amepoteza nusu PED. Akijua eneo lenye mawe adimu zaidi, akauza kwa wastani wa asilimia 120, atapata 108, ada itoke, faida ni PED 4. Senti 40 za dola, kwa kazi ya saa moja au mbili, siku ambayo bahati haikumgeuka.

Hapo ndipo maisha ya mchezaji wa siku nyingi yanapokaa, ndani ya zile asilimia tano kati ya 115 na 120. Anaandika kila alichotumia. Anajua bei za mnada za wiki iliyopita kama mama wa sokoni Kasongo anavyojua bei ya mawese. Hanunui kifaa kikubwa kwa sababu jana jina lake lilitangazwa. Anaweza kukaa na mawe yake kwa miezi akingoja mtu anayeyahitaji. Ujuzi wenyewe ni mali inayouzika: mchezaji akitaka kuacha, mfumo unamruhusu kuutoa ustadi wa avata wake kwenye vipandikizi na kumuuzia mwingine, miaka yake ya kuwinda ikapigwa bei kama gunia la mchele. Mimi naona hilo ndilo fundo la kazi nzima ya wabunifu wale, kwamba hata muda wa mtu uliopita wameupatia mlango wa kutokea sokoni.

Ila waliopata fedha nyingi na kuandikwa magazetini hawakuzipata kwa kudondosha vipima. Desemba 2004 David Storey wa Australia, anayejulikana humo kama Deathifier, alinunua kisiwa cha ndani ya mchezo kwa PED 265,000, dola 26,500. Alichonunua ni haki ya kutoza: kila anayewinda au kuchimba kwenye ardhi yake anamwachia asilimia. Mwaka 2005 Jon Jacobs, Neverdie, alinunua kituo cha anga kwa dola 100,000, akajenga klabu na makazi ndani yake, na mwaka 2010 akaviuza kwa vipande kwa jumla ya dola 635,000. Mwaka 2011 kampuni yenyewe iliigawa Calypso kuwa hati 60,000 za dola 100 kila moja, wenye hati wakipata mgawo wa mapato. Mwenye ardhi hahitaji shimo litoe. Anahitaji watu wachimbe tu. Anayekodisha motopompe anaelewa jambo hili kuliko mtu yeyote.

Mpaka hapa Calypso na Kabambare zinafanana kiasi cha kuogopesha, na ni rahisi kuishia hapo. Lakini zinaachana mahali pamoja, na mahali hapo ndipo penye uzito.

Dhahabu inayotoka kwenye vilima vya Namoya, huko huko Salamabila, iwe Mwendamboko au Kakula, ina mnunuzi asiyejua shimo lilivyo. Itapita kwa mnunuzi wa kijiti, kwa mfanyabiashara wa mjini, itavuka mpaka, itafika Dubai, na mwisho itavaliwa na bibi harusi ambaye hajawahi kusikia jina Salamabila. Fedha yake inaingia kutoka nje ya duara la wachimbaji. Lysterium haina mnunuzi wa nje. Anayeinunua ni mchezaji mwingine, anayetaka kutengeneza kifaa, atakachomuuzia mchezaji mwingine, atakayekitumia kikachakaa. Duara limefungwa, na lina tundu moja linalovuja kuelekea kwa kampuni. Kwa hiyo zile PED 4 za faida zimetoka kwa mtu aliyeweka dola kutoka mshahara wake huko Ulaya au Marekani, akazitumia kwa starehe kama mwingine anavyotumia kwa mpira au bia. Siku watu hao wakipungua, ustadi wote wa kuandika daftari hautoshi.

Tumeliona hilo wazi kwingine. Mwaka 2021 maelfu ya watu Ufilipino walikuwa wanaishi kwa mchezo wa Axie Infinity, wengi kwa wanyama wa kuazima: mwenye mali anatoa wanyama, mchezaji anatoa jasho, wanagawana. Ni mgawo wa PDG kabisa. Sarafu waliyokuwa wakipata ilizidi kutolewa, wanunuzi wapya wakapungua, bei ikaporomoka, na waliokuwa wakila kwa kazi hiyo wakarudi walikotoka.

Kasongo inapaswa kulielewa jambo hili kwa historia yake yenyewe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, alipofanya mji huu makao yake miaka ya 1870, misafara ilibeba shanga na vitambaa kuja huku. Ushanga ulikuwa fedha, lakini fedha ya mahali: rangi iliyopendwa soko hili ilikataliwa soko linalofuata, na msafiri aliyekosea rangi alilala njaa na mizigo yake kichwani mwa wapagazi. Pembe za ndovu zilikuwa kitu kingine, kwa sababu Unguja kulikuwa na mnunuzi, na nyuma yake kulikuwa na wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Biashara ile iliwala watu wetu, na siisifu hata kidogo. Nasema tu kwamba utajiri wake ulisimama juu ya pembe. Ushanga ulikuwa wa kupitia njiani, na PED ni ushanga.

Kijana wa Kasongo anayeniuliza kama anaweza kuanza bila mtaji, jibu ni ndiyo, mlango upo. Mgeni asiyeweka hata senti anaruhusiwa kukusanya jasho la wanyama wa Calypso. Anamsogelea mnyama aliye hai, anamkazia akili, anapigwa, anakufa, anaamka, anarudi, na kila akifaulu anapata chupa chache za jasho ambazo wachezaji wakubwa wanazihitaji. Ni kazi ya wale mama wanaotwanga mawe yaliyoachwa na wenye mashimo: mikono yako tu, na kinachobaki.

Kwa miaka mingi chupa 1,000 za jasho zimeuzwa kwa PED chache. Tuseme 3. Hizo ni senti 30 za dola, baada ya saa kadhaa mbele ya kompyuta yenye nguvu ya kubeba picha nzito, maana tangu 2009 mchezo huu unaendeshwa kwa injini ya CryEngine 2 na simu ya mkononi haiuwezi. Intaneti iwe imeshika muda wote huo. Na kama siku hiyo betri ya sola imeisha, jenereta iwe inanguruma nje, ikinywa lita baada ya lita ya petroli, ambayo muuzaji wake wa barabarani hakubali chupa ya jasho, wala hajui PED ni nini.